Moshi wa Alfajiri Msiuite Ukungu

Wanangu, nasikia mnataka kufunga vipima-hewa vya bei nafuu hapa Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, na vingine Lilongwe mjini. Ni jambo jema. Ila kabla hamjawatangazia watu namba, nisikilizeni.

Kifaa hicho hakipimi uzito wa chembe. Kina mwanga wa leza. Chembe ikipita, mwanga hutawanyika, nacho hukisia uzito kutokana na mtawanyiko huo. Sasa mvua za Novemba hadi Aprili zikija, chembe za moshi hunywa maji zikavimba. Moshi ni uleule, namba inapanda. Mitambo rasmi huikausha hewa kwa joto kwanza, ndipo ipime.

Wamarekani walichapisha 2021 kanuni yao ya kurekebisha namba za vifaa vya PurpleAir: zidisha namba ya kifaa kwa 0.524, toa 0.0862 mara asilimia ya unyevu, ongeza 5.75. Kifaa kikisema mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo na unyevu ukiwa asilimia 90, mnabaki na 29 na ushei. Hesabu nyepesi, lakini ilitokana na hewa ya Marekani, si moshi wa mkaa, kuni na tanuri za matofali za huku Dowa. Afadhali mwige AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere: waliweka vifaa vyao kando ya mtambo rasmi Kampala, wakapata marekebisho ya hewa yao wenyewe. Nanyi ombeni mtambo wa namna hiyo, hata wa kuazima, vifaa vyenu vikae kando yake masika na kiangazi. Kiangazi kina shida yake: vumbi nene la barabarani vifaa hivi huliona kwa shida, na hapo kanuni ya unyevu haisaidii kitu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni alfajiri. Unyevu uko juu, na saa hiyohiyo mama zenu wanawasha mbaula za mkaa, huku hewa ya baridi ikiufungia moshi chini. Mwenye haraka atalitoa ongezeko lote, hata la moshi, kwa jina la unyevu. Na wapo watakaofurahi kuambiwa ulikuwa ukungu tu! Hata hiyo 29, ikiwa ndiyo wastani wa siku nzima, ni karibu mara mbili ya kikomo cha 15 cha Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo namba ghafi msizifute. Ziandikeni kando ya zilizorekebishwa, pamoja na unyevu wa saa ile na kanuni mliyotumia, ili mwenye kutaka kuwakosoa apate pa kuanzia.