Plaizi ya Seremala

Jirani yangu mmoja hapa Moshi ni seremala, na kama maseremala wengi, haamini kuwa kuna kitu kilichokwama kinachoweza kuishinda plaizi. Imani hiyo ndiyo iliyomponza Simba.

Simba ni mbwa. Jina lenyewe ni mzaha, maana ni kijibwa cha manyoya kinachoenea kwenye kikapu cha sokoni. Dada yake seremala alipewa na mwajiri wake aliyekuwa anahama Arusha, naye akawaletea watoto wa kaka. Alifika ana miezi mitatu, na kadi yake ya chanjo ndani ya bahasha.

Mwezi uliofuata, kitinda mimba wa nyumba ile aliokota kijino kwenye gunia analolalia Simba, kidogo kama punje ya mchele. Akakirusha juu ya bati, kama anavyorusha ya kwake. Hapakuwa na cha kutisha. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utoto, na kati ya mwezi wa tatu na wa saba huyabadilisha yote akapata 42. Siku hizo atatafuna kandambili, atatafuna miguu ya meza, na pengine utaona tone la damu kwenye kile alichotafuna. Hayo ni ya kawaida.

Yasiyo ya kawaida yalianza mwezi wa sita. Chonge mpya zilitoka, za zamani zikagoma kuondoka.

"Baba, njoo uone! Simba ana meno mawili mawili!"

Fundi akamfunua mdomo, akacheka. "Huyu si simba, huyu papa."

Wiki zikapita. Chonge mpya ya chini, upande wa kushoto, ilikuta mahali pake pamekaliwa, ikaota kwa ndani upande wa ulimi. Kila Simba alipofunga mdomo, ncha yake ilichoma kaakaa. Akawa anakula kichwa kimelala upande, dagaa wakimdondoka, mate yakimchuruzika. Mke wa fundi akasema, "Baba Neema, si umpeleke kwa daktari wa mifugo?"

"Kwa jino? Mimi nang'oa misumari ya inchi sita kwenye mninga, sembuse hiki kijino!"

Jumapili jioni kijana wa karakana alimviringisha Simba kwenye gunia, fundi akaingiza plaizi. Ikasikika ta! Akaiinua juu kwa ushindi, na kipande cheupe, chembamba kama kucha, katikati ya meno yake. Asichokijua ni kwamba mzizi ulibaki ndani, na kwamba plaizi ilipoteleza ilimega ncha ya jino jipya lililokuwa jirani. Alikwenda kung'oa la zamani, akavunja jipya. Simba alipozidi kulia, wakampa nusu kidonge cha diklofenaki, masalio ya dawa ya mgongo ya bibi. Kabla ya alfajiri alikuwa anatapika.

Siku ya tano taya lilivimba, usaha ukatoka kwenye ufizi. Hapo ndipo wakashika njia ya kwa daktari.

"Shikamoo, fundi," alisema daktari, lakini swali lake la kwanza halikuhusu jino. "Amechanjwa kichaa cha mbwa?" Kadi ikatoka kwenye bahasha, akashusha pumzi. Mbwa asiyechanjwa anayedondosha mate na kukataa chakula, alisema, asitiwe mkono kinywani na mtu wa nyumbani.

Kisha akaeleza. Jino jipya linapopanda, mwili huuyeyusha mzizi wa jino la utoto, likalegea na kuanguka lenyewe. Mzizi usipoyeyuka, jino hubaki limesimama, na jambo hili huwapata zaidi mbwa wa aina ndogo. Mzizi wa chonge ya utoto ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, tena mwembamba na uliopinda. Ukiuvuta kwa nguvu unakatika. Na jino jipya nalo bado ni changa: kuta zake ni nyembamba, katikati kuna uwazi mpana wenye damu na neva. Likimegeka, vijidudu vimepata mlango.

Simba alilazwa kwa nusukaputi. Ukatolewa mzizi, likatolewa na jino jipya ambalo halikuwa limemaliza hata miezi miwili kinywani. Fundi alilipa kwa fedha ya kitanda cha mteja ambacho hakukimaliza.

Wengi mtaani wanailaumu plaizi. Mimi naona kosa lilitangulia: lilikuwa kile kicheko. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na meno mawili ya aina moja hayakai mahali pamoja. Lile la utoto lingetolewa mapema na daktari, jino jipya lingepata nafasi, na mara nyingi likipata nafasi hujisogeza lenyewe mahali pake. Fundi alichelewa pale palipotaka haraka, kisha akaharakisha pale palipotaka mtaalamu.

Kwa hiyo, mwenye mbwa mchanga, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba mwinue mdomo kila wiki utazame. Ukiona jino jipya limesimama na la zamani halijaanguka, au jino limevunjika, mpeleke wiki hiyo hiyo. Dawa za maumivu za binadamu usimpe. Mawe na mifupa mikavu mwondolee. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa na kugandishwa, ukiwa karibu asije akakimeza.

Simba yu hai, anabweka, anakula vizuri. Ila ulimi wake huchomoza upande wa kushoto, pale ambapo chonge ingeuzuia. Watoto wa mtaani wanadhani anawatania.