TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Salamu isiyomwamsha aliyelala



Leo nasema na wewe unayeishi nyumba ya kupanga. Zile nyumba zetu za Temeke, Manzese na Magomeni: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani wa wote, choo kimoja, bomba moja. Nyingi hazina dari, kuta zinaishia chini ya bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakupa pole.

Raha yake mwezi huu unaijua. Ikikaribia magharibi uani ni moshi wa mkaa tu. Huyu ana magimbi ya nazi, yule uji wa pilipili manga, mwingine tambi, mwingine kaimati. Mkeka unatandikwa koridoni, adhana inaita, tende zinapita mkono kwa mkono. Alhamdulillah.

Lakini nyumba hiyohiyo ina mtihani wake, na mimi niliufeli. Acha nikusimulie.

Nilipokuwa napanga, nilijipa kazi ya kuamsha watu daku. Saa tisa usiku nafungulia Qur'an kwenye simu, naiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, kisha napita koridoni nagonga mlango mmoja mmoja: "Daku! Daku jamani!" Moyoni nahesabu thawabu. Chumba cha mkabala na changu alikaa dada mmoja, si Muislamu, ana mtoto mchanga. Hakuwahi kulalamika. Siku moja tukakutana bombani, macho yake mekundu. Nikamuuliza, "Dada, mtoto halali?" Akanijibu, "Analala kaka, ikifika saa nane. Saa tisa anaamka na nyinyi." Kisha akacheka, ili nisijisikie vibaya. Wallahi kile kicheko kiliniuma kuliko angenitukana.

Subiri, haijaisha. Mwaka huohuo tulikubaliana kila chumba kilete sahani yake ya futari mkekani. Mzee mmoja fundi viatu, wa chumba cha nyuma, alikaa nasi siku tatu. Ya nne, jua likizama, akafunga mlango wake. Tukasema, "Mzee ana kiburi." Kumbe hakuwa na sahani ya kuleta. Alikuwa anafuturu tende na maji, peke yake gizani, na sisi tunasikika tukicheka hatua kumi kutoka kwake.

Sasa sikiliza kisa kilichomo katika Sahihi Muslim. Al-Miqdad bin Al-Aswad (R.A.) na wenzake wawili walikuwa wamedhoofika kwa njaa, mpaka macho na masikio yanafifia. Mtume wetu (S.A.W.) akawachukua nyumbani kwake. Palikuwa na mbuzi watatu, akawaambia wakamue maziwa wagawane wote. Kila mtu akawa anakunywa fungu lake, na fungu la Mtume linawekwa. Anasimulia Miqdad kwamba Mtume alikuwa akirudi usiku anatoa salamu ambayo aliye macho anaisikia, na aliyelala haimwamshi.

Simama hapo kidogo. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, yuko ndani ya nyumba yake mwenyewe, na analolisema ni salamu, maneno ya kheri. Bado anaipima sauti kwa ajili ya wageni waliolala. Sisi ni nani tusipime zetu?

Tuendelee. Usiku mmoja shetani akamshawishi Miqdad: Mtume hupewa chakula na Ansari, hana haja na haya maziwa machache. Miqdad akayanywa. Yalipotua tumboni, majuto yakamshika, usingizi ukapaa. Mtume akarudi, akatoa salamu yake ya siku zote, akaswali, akafunua chombo, hamna kitu. Akainua kichwa mbinguni. Miqdad akasema moyoni, sasa naapizwa, nimekwisha. Lakini Mtume alimwomba Mola amlishe atakayemlisha yeye, na amnyweshe atakayemnywesha. Basi Miqdad akachukua kisu aende kumchinjia mbuzi aliyenona. Akakuta mbuzi wote viwele vimejaa tena! Akakamua hadi povu likapanda, akampelekea. Mtume alipokunywa na kumpa naye, Miqdad akacheka mpaka akaanguka chini, kisha akakiri alilofanya.

Mtume akamwambia hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu, akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema, ili wawaamshe wale wenzao wawili nao wapate.

Umeona, ndugu yangu? Watu ni walewale wawili, na usingizi ni uleule. Sauti yake hakutaka iwaamshe. Lakini ilipokuja neema, alitamani waamshwe. Mimi nilifanya kinyume: kelele zangu nilimgawia kila mtu, futari nikamgawia mwenye sahani.

Na usiseme, "Lakini ni Qur'an." Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Mtume akiwa itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti. Akafunua pazia, akawakumbusha kuwa kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti. Kama ni hivyo msikitini kwa wanaoswali, itakuwaje koridoni, kwa mtoto wa miezi miwili?

Zamani wapiga daku walipita mitaani na ngoma kwa kuwa saa hazikuwa kila nyumba. Leo kila mto una simu chini yake.

Kazi yako ya leo ni mbili. Usiku, punguza: sauti ya simu, mlio wa sufuria, maongezi ya uani. Mwenye kutaka kuamshwa aseme, umgongee kwa ncha ya kidole. Magharibi, ongeza: maji kwenye mchuzi, kama Mtume alivyomuusia Abu Dharr, na mtu kwenye mkeka. Usimuulize amekuja na nini.

Sisi tulifuta ule utaratibu wa sahani. Nikaenda kwa mzee nikamwambia, "Mzee wangu, mkeka haujatimia." Akatoka na tende zake, tukala za kwake kwanza. Yule dada tukawa tunampelekea uji.

Kuelekea kumi la mwisho simu yangu ilizima chaji, nikapitiwa. Nikasikia mlango unakwaruzwa taratibu. Ni yeye, amembeba mtoto begani. Akaninong'oneza, "Kaka, saa kumi na robo, hujala." Mtoto hakuamka.

Ee Mola, tujaalie majirani wasiotuogopa, na utukubalie funga zetu. Aamin.

Tukutane kesho in shaa Allah. Mtumie na mpangaji mwenzako.