Mizani na Amana: Vitenzi Viwili vya Kifaransa na Suala la Dhima

Mswahili anayejifunza Kifaransa huelezwa mapema kwamba 'penser' ni kufikiri na 'croire' ni kuamini. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayamfikishi mbali. Mfaransa asemaye 'je crois qu'il est parti' hatangazi imani yoyote. Anaarifu kwamba mtu fulani ameondoka, ingawa hana hakika. Tafsiri mwafaka ni 'nadhani ameondoka'. Mfasiri aandikaye 'naamini ameondoka' ameigeuza shaka kuwa ushahidi.

Vitenzi hivi vikifuatwa na 'que', tofauti yake ni finyu: 'penser' huelekea rai iliyokwisha kutafakariwa, ilhali 'croire' hubakiza shaka zaidi. Tofauti huwa bayana kitenzi kinapomhusu mtu. 'Croire quelqu'un' ni kusadiki maneno ya mtu. 'Croire en quelqu'un' ni kuwa na imani naye. 'Penser' hakina matumizi sambamba, kwani 'penser à quelqu'un' ni kumwaza mtu tu. Kwa hiyo, 'croire' humruhusu msemaji kulipokea jambo kwa kuwa fulani kalisema. 'Penser' hakitoi ruhusa hiyo. Kufikiri hakuna wakili.

Asili ya maneno yenyewe yaafiki jambo hili. 'Penser' limetokana na neno la Kilatini 'pensare', yaani kupima uzani. 'Croire' limetokana na 'credere', ambalo pia lilimaanisha kumkabidhi au kumkopesha mtu mali. Kiswahili nacho kinalihifadhi wazo hili la pili, kwani 'amini' na 'amana' ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Anayeamini ameweka kitu mikononi mwa mwingine.

Je, mwenye kuamini hubeba dhima ya alichokiamini? Mnamo Desemba 1894, mahakama ya kijeshi mjini Paris ilimtia hatiani Kapteni Alfred Dreyfus kwa usaliti. Majaji, ambao walikuwa maafisa wa jeshi, walikabidhiwa faili ya siri kutoka Wizara ya Vita, faili ambayo mshtakiwa na wakili wake hawakuonyeshwa. Dreyfus alifungwa katika Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guyana ya Kifaransa, kwa zaidi ya miaka 4, na hakusafishwa jina hadi mwaka 1906.

Yamkini mtu atawatetea majaji hao kwa hoja kwamba imani haichaguliwi: waliamini walichoaminishwa. Hata hivyo, Descartes, katika tafakuri zake za mwaka 1641, alishikilia kwamba kukubali jambo ni tendo la nia, na kwamba kosa huzaliwa pale nia inapovuka mpaka wa kile ambacho akili imekielewa waziwazi. Kwa mujibu wa hoja hii, kuamini nako ni kutenda, na mtendaji huulizwa.

Hata hivyo, haimkiniki mtu kupima kila jambo kwa mizani yake mwenyewe. Mgonjwa humsadiki tabibu, na msomaji humsadiki mwanahistoria. Bila amana ya namna hii hakuna elimu wala jamii. Lakini mgonjwa anayemwamini tabibu anahatarisha afya yake mwenyewe. Katika kesi ya mwaka 1894, walioamini walikuwa majaji, na aliyelipa alikuwa mtu mwingine, ambaye hata hakupewa nafasi ya kuihoji faili iliyomhukumu. Hapo ndipo ulipo mpaka wa kimaadili: imani ambayo gharama yake itamwangukia mwingine haina budi kupitishwa kwanza kwenye mizani, tena mbele ya macho yake.

Kwa mintarafu hii, mfasiri anayechagua kati ya 'nadhani', 'nasadiki' na 'namwamini' hachagui mtindo pekee. Anabainisha ni nani aliyepima, ni nani aliyepokea bila kupima, na ni nani atakayeulizwa iwapo jambo litageuka kuwa si kweli.