Nani Ana Haki ya Kunyoosha Kisasili cha Mwenzake?

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana watu watano Sinza, sebuleni kwa rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa hesabu. Tunasogeza makochi ukutani, meza inawekwa katikati, mmoja analeta vitumbua, mwingine analeta dadu. Halafu kwa saa nne au tano tunakuwa watu wengine kabisa. Mke wa mwalimu anatuita "watoto wakubwa". Hajakosea.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza: huu si mchezo wa ubao kama bao au drafti, na hakuna anayeshinda. Mtu mmoja ni mwendesha mchezo, anasimulia mnachokiona. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, na pale ambapo mambo yanaweza kwenda huku au kule, dadu zinaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, mwaka 1974 huko Marekani. Sisi tunacheza RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, na hadithi zetu zinatokea katika ulimwengu wa kubuni unaoitwa Glorantha.

Glorantha ni kazi ya Mmarekani Greg Stafford, aliyeanza kuiandika mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo, akaendelea nayo karibu mpaka alipofariki mwaka 2018. Ulimwengu mwingi wa njozi huwa na visasili kama pazia tu: kuna miungu huko nyuma, kuna vita vya kale, basi, twende tukapigane na joka. Kwa Stafford ni kinyume. Kisasili ndicho mtambo unaoendesha dunia. Mvua inanyesha kwa sababu mungu wa dhoruba, Orlanth, alimuua joka Aroka aliyekuwa amemeza mvua. Mvua isiponyesha, watu wa kijiji wanaweza kuingia ndani ya hadithi hiyo kwa ibada, wakapita hatua zote alizopita mungu wao, na wakifika mwisho salama wanarudi na mvua. Wakikosea hatua wanaweza kurudi na kitu kingine, au wasirudi.

Sasa hapo ndipo yalipotukuta. Kijiji chetu cha kubuni kilipata ukame, tukaamua kwenda kumkabili Aroka. Njiani tukakwama. Mwalimu wa hesabu, ambaye amesoma vitabu vyote vya Glorantha kuliko sisi sote, akasema: "Jamani, kabila la bonde la pili nao wana hadithi ya joka na maji. Yao ni fupi. Joka ni joka, maji ni maji. Tuchukue hatua ya mwisho ya kwao tuiunge hapa." Tukaona ni akili. Tukarusha dadu, tukafaulu, mvua ikanyesha kijijini kwetu, tukapigiana makofi.

Mwezi uliofuata mwendesha mchezo, dada mmoja muuguzi ambaye huwa hasahau kitu, akatusimulia kwamba mto wa bonde la pili umekauka. Watu wao wameingia katika hadithi yao kama walivyofundishwa na babu zao, na hatua ya mwisho hawakuikuta. Haikuwepo. Tulikuwa tumeiondoa.

Mwalimu akalalamika kwamba hiyo si haki. Muuguzi akamjibu, "Hivi ndivyo Wasomi wa Miungu walivyoanza."

Hao Wasomi wa Miungu, kama tunavyowaita mezani kwetu, ni watu maarufu katika historia ya Glorantha. Walikuwa mabaharia na wataalamu waliotawala himaya kubwa ya baharini. Miungu ya watu wengine hawakuiabudu, ila waliichunguza. Walikusanya visasili vya kila pwani waliyofika, wakavilinganisha, wakaona vinafanana: huku kuna mungu wa jua aliyeuawa, na kule yupo, huku kuna giza kuu, na kule lipo. Wakaunda kisasili kimoja kikuu ambamo hadithi zote ni vipande vyake. Wazo hilo la safari moja ya shujaa nyuma ya hadithi zote ndilo Joseph Campbell alilolieneza katika dunia yetu kwa kitabu chake cha mwaka 1949, na Stafford alilijua vizuri.

Kisha wakafanya jaribio. Walichukua miungu wawili wa kike wa nafaka kutoka nchi mbili mbalimbali wakawabadilishana, huyu akaenda kwa yule na yule kwa huyu, ili kuthibitisha kwamba ni kitu kimoja. Nafaka ni nafaka, si ndiyo? Baadaye mavuno yakaharibika, na wenye mashamba, ambao hakuna aliyewauliza, wakaona njaa. Mwisho wa Wasomi wenyewe ulikuwa mbaya: dunia waliyoichezea iliwageukia, na sehemu kubwa ya nchi zao zikazama baharini.

Kinachonisumbua ni kwamba Wasomi wa Miungu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma, walijua lugha nyingi, walilinganisha vyanzo. Tena ile ratiba nzuri ya zama za miungu ambayo sisi wachezaji huisoma vitabuni ili tuelewe nini kilitangulia nini, ndani ya Glorantha inahesabiwa kuwa kazi yao. Ukitaka kuuelewa ulimwengu ule kwa haraka, unautazama kwa macho yao.

Muuguzi alipotaja jina lao usiku ule, wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yake sikuwaambia.

Kijijini kwa mama yangu, milimani Upare, kuna ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukinga maji ya mfereji usiku kucha, ili asubuhi lifunguliwe maji yaende mashambani. Koo mbili zinalitumia. Ukoo wetu husema babu yetu aliota ndoto, akaamka akalichimba kwa mikono yake. Ukoo wa pili husema wao ndio waliolichimba zamani, na huyo babu yetu alifika ana njaa, wakampokea, wakampa pa kulala. Kila mwaka kabla ya vuli kulikuwa na msaragambo wa kutoa matope. Kabla ya kazi mzee wa upande mmoja alisimulia, halafu mzee wa upande wa pili akasimulia, watu wakataniana weee, kisha majembe yakashikwa.

Miaka sita iliyopita niliandika makala kuhusu ndiva ile. Nilikuwa mwandishi kijana mwenye shahada na kinasa sauti. Niliwahoji wazee wa pande zote mbili, nikahesabu vizazi, nikalinganisha majina, nikafikia hitimisho kwamba yule mchimbaji na yule mgeni huenda walikuwa mtu mmoja aliyekumbukwa kwa namna mbili. Nikamalizia kwa maneno matamu kuhusu umoja. Mhariri alinipongeza, na mimi nilijipongeza zaidi yake.

Katika msaragambo uliofuata, mzee wa ukoo wa pili alipoanza kusimulia, kijana mmoja wa kwetu alimkatiza. Alikuwa na gazeti mkononi. "Babu, hiyo imeshaandikwa. Ni mtu mmoja." Mzee akaketi. Mwaka uliofuata wa kwao walikuja wachache. Mwaka wa tatu kukawa na ugomvi wa zamu.

Nilichokuwa sikukielewa ni kwamba zile hadithi mbili ndizo zilizobeba zamu za maji. Kwa kuwa wao walikuwa wenyeji waliompokea mgeni, maji ya kwanza ya asubuhi yalikuwa yao. Kwa kuwa sisi tulikuwa wachimbaji, kulifungua bwawa ilikuwa kazi yetu. Wao hawakupata maji bila sisi kufungua, na sisi hatukufungua kwa faida yetu kwanza. Nilipomfanya mwenyeji na mgeni kuwa mtu mmoja, zamu ikawa haina mwenyewe, na wenye nguvu wakaanza kuamka mapema.

Wale wakulima wa nafaka wangenielewa upesi.

Najua pingamizi, maana nimejipinga mwenyewe mara nyingi. Kazi ya mwandishi wa habari ni kusema kweli. Kama hadithi haiendani na historia, aifiche? Na kuna visasili vinavyoumiza watu. Huku kwetu kuna simulizi za asili zinazosema huyu ni muungwana na huyu ni kizazi cha watumwa, mwanamke huyu hana urithi kwa sababu bibi wa kale alikosea jambo. Tuziache nazo, eti kwa sababu ni za wazee?

Hapana. Glorantha yenyewe haisemi hivyo. Waabudu wa Orlanth husimulia kwamba alimuua Yelm, mfalme wa jua, kwa kuwa alikuwa dhalimu. Giza lilipoangamiza dunia, Orlanth akashuka kuzimu kukiri kosa na kulirudisha jua. Watu wa Dara Happa, wanaoabudu jua, husimulia kwamba Orlanth ni mwasi na muuaji tu, na jua lilirudi kwa haki yake lenyewe. Hadithi ya kwanza inawafundisha watu kumpinga mtawala, ya pili inawafundisha kumtii. Hizo si sawa kimaadili, na mimi nina upande wangu. Lakini zote mbili zinafanya kazi kwa wenyewe, na hakuna kitabu kinachokuja mwishoni kusema ipi ndiyo ya kweli.

Ninachojifunza hapo si kwamba kisasili kisiguswe. Ni kwamba kukigusa kuna masharti. Katika mchezo ule mtu anaweza kubadili hadithi ya watu wake, na mashujaa wanafanya hivyo, ila lazima aingie ndani yake, aipite, na akiikosea aumie yeye pamoja na jirani zake. Mwanamke anayenyimwa shamba kwa hadithi fulani yumo ndani ya hadithi hiyo tayari, na gharama yake ameanza kuilipa zamani. Akisimama kuibadili, nitamsaidia kwa kalamu yangu yote. Msomi wa Miungu alikuwa nje. Alirekebisha kwa sababu vitu visivyolingana vilimkera, na njaa ikaenda kwa wengine. Mimi nami ndiva ile siinyweshei shamba lolote. Ninaishi Dar, maji yangu yanatoka bombani yakitaka.

Ningekuwa naandika leo, ningeandika hadithi zote mbili, ningeandika na hesabu yangu ya vizazi, kwani kuuficha ukweli nao ni uongo. Ila ningeuliza kwanza: hadithi hii inafanya kazi gani hapa, na ikiondoka kazi hiyo ataifanya nani? Swali hilo sikuliuliza. Lingenichukua dakika tano.

Wala sitaki kujipa jibu jepesi kwamba ukiishi na watu umeshatakasika. Glorantha ina onyo kwa hilo pia, nalo ni Arkat. Huyu alipigana miaka mingi na Nysalor, mungu aliyeundwa, ambaye maadui zake walimwita Gbaji, yaani mdanganyifu. Arkat hakuchunguza hadithi za wengine kutoka mbali. Aliingia dini moja baada ya nyingine, akaziacha na kuingia nyingine, mpaka akazaliwa upya akiwa zimwi, kila mara akilipa bei kamili. Mwishoni wawili hao walikutana, na aliyetoka alikuwa mmoja tu. Alisema yeye ni Arkat. Mpaka leo katika ulimwengu ule kuna wanaosema aliyetoka alikuwa yule mwingine. Kwa hiyo anayeingia kwa heshima naye anaweza kugeuka kile alichokuja kukipinga, na yeye mwenyewe asijue.

Mwaka jana nilipanda kwenda kumwona yule mzee aliyekatizwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na kama ataniruhusu niisikilize tena hadithi yake, mara hii bila kinasa sauti. Alikaa kimya kidogo, akauliza habari za mama. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, ile haisimuliwi kwenye kiti. Inasimuliwa pale ndivani, siku ya kazi. Kama utakuja na jembe, utaisikia."

Nikamuuliza kama watu wa kwao watakuja. Akasema hajui. Watakuja watakaokuja.

Msaragambo ni Septemba, siku ileile ya mchezo wetu. Nimeshawaambia wenzangu wa Sinza wasinisubiri, na mhusika wangu abaki kule bonde la pili, ambako mto bado haujarudi.