Mume Akirudi Kutoka Kuzima Moto



Wenzi wapendwa katika Bwana, gari la zimamoto likipita hapa Chaka, kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, matatu husogea kando, wauza viazi husimama kutazama linakoelekea, na baadhi yetu hupiga ishara ya msalaba. Likishapita tunarudia bei zetu. Ni mara chache tunamkumbuka mke aliyebaki nyumbani, au mume aliyebaki nyumbani, maana siku hizi akina dada nao wamo katika kazi hiyo.

Leo ukurasa huu ni wao. Hata wewe uliyeolewa na polisi, au uliyeoa muuguzi, soma tu, yako yamo.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, kuzima moto ni kazi ya serikali za kaunti. Anayeingia zamu hakai tu kungoja simu. Hukagua gari, hutazama maji kwenye tangi, hujaribu pampu, hutandaza mipira ya maji na kutafuta palipopasuka, huangalia kofia, viatu na mitungi ya hewa. Kisha simu hulia: kibanda cha mbao kimeshika moto, gesi imelipuka jikoni, magari yamegongana na mtu amebanwa ndani. Pengine haitalia hadi asubuhi. Kungoja huko nako kunachosha, ingawa wake wengi hawaamini wakiambiwa.

Lakini kuna sehemu ya kazi hii ambayo sisi wa nje hatuioni, kwa sababu huwa tumeshaondoka. Miali ikizimika, wazimamoto hubaki. Hufukua majivu, hupasua magodoro, huvuta mabati yaliyoanguka, kisha humwaga maji tena. Wanatafuta makaa yaliyojificha. Juu pamepoa, chini panaungua polepole, na upepo wa usiku ukivuma moto unaamka upya. Waliopambana na moto wa nyasi wakati wa kiangazi kule juu, Mlima Kenya na Aberdare, wanajua jinsi unavyotambaa kwenye mizizi na kutokea mahali pengine.

Sasa mtu huyu huyu, anayejua haya yote, akifika nyumbani anasema, "Yameisha," halafu anawasha redio.

Hayajaisha. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha Academy, hapa hapa Kieni, na watoto 21 wakafariki. Sitausimulia, wazazi waliofiwa wako kati yetu. Nautaja ili tuelewe kwamba anayeitwa mahali pa namna hiyo hawezi kurudi nyumbani kama mtu aliyetoka kupalilia viazi.

Nimeketi na wenzi wenye shida hii. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ulikuwa wa chumba kimoja cha kupanga, lakini mtoto alikufa. Siku hiyo mume hakula. Mke akauliza, akajibiwa, "Kazi ni kazi." Baada ya wiki mume akahamia kwenye kochi, akisingizia zamu. Baada ya mwezi akaanza kupitia kilabuni. Mke, kwa kuwa hakuambiwa neno, akajijibu mwenyewe: baba watoto ana mwanamke mwingine. Kumbe kilichomtoa kitandani ni mtoto wao mdogo aliyekuwa akilala kati yao, wa umri ule ule wa marehemu. Alipolisema hatimaye, mke alilia kwanza kwa hasira, halafu kwa huruma. Mimi nilinyamaza. Katekista naye ajue pa kunyamaza.

Turudi kwenye Maandiko. Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alichoka hata akaomba afe. Mungu hakuanza na maswali. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani Horebu. Na Eliya aliulizwa swali lile lile mara mbili, akatoa malalamiko yale yale mara mbili, na Mungu akamsikiliza mara zote mbili.

Mama, mpokee baba watoto kwa utaratibu huo. Usimsimamishe mlangoni kumdai karo, wala kumuuliza kwa nini simu ilizimwa. Mpe maji, mpe chakula, mwache alale. Nawe baba, ukishaamka, swali litakuja, na ni haki ya mkeo lije. Huna lazima ya kueleza yote uliyoyaona. Sema kwamba leo ilikuwa vibaya na kulikuwa na mtoto. Kwa siku ya kwanza inatosha. Usimwachie mwenzako kujaza pengo kwa dhana zake. Mtakatifu Paulo anawataka Waefeso wasiende kulala na hasira. Wewe ambaye jua hukuchwea kazini, patana na mkeo saa yenu nyingine, na saa hiyo muishike.

Usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, au mtu anashtuka kila kijiko kikianguka, nendeni hospitali mkaonane na mshauri. Si upungufu wa imani. Hata kikosi cha zimamoto cha New York kilikuwa na padre wake, Mfransiskani Mychal Judge, aliyewasikiliza watu wake hadi alipofariki pamoja nao tarehe 11 Septemba 2001. Siku ile kikosi kilipoteza watu 343, padre akiwemo.

Kuna neno pia juu ya nguo. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya uzimamoto kati ya mambo yanayojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Basi nguo za moshi zisitupwe kwenye beseni moja na nepi za mtoto, na baba aoge kabla ya kumbeba. Hapa mke asimwambie mumewe kwamba ananuka. Amchemshie maji.

Kuhusu kitanda, Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho kwamba wenzi wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda. Zamu si mapatano. Aliyechoka aseme amechoka, na aseme ni lini.

Na zamu ikiangukia Jumapili? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2185, inakubali kwamba huduma muhimu kwa jamii inaweza kumwondolea mtu sharti la pumziko la siku hiyo. Asitumie ruhusa hiyo kuzoea kukosa Misa, na mkewe naye asiende kanisani akinung'unika mbele ya jumuiya kwamba ameachwa. Muulizeni padre kama kuna Misa ya Jumamosi jioni. Ratiba ya zamu ya mwezi mzima ibandikwe ukutani, karibu na kalenda ya parokia, mahali ambapo mama na watoto wataisoma.