Bei ya Anayesafiri

Ukiona kwenye simu tangazo limeandikwa "mwenyewe anasafiri", huna haja ya kuuliza sana. Hapa Kibagabaga sote tunajua maana yake. Familia imeitwa, tarehe ya ndege imetoka, mizigo itapimwa kwa kilo, na vyote vinavyobaki lazima vitoke ndani ya nyumba: matela, meza, frigo ndogo, mbabula, masufuria, hata pazia. Kijana anapiga picha, anatuma kwenye grupu za WhatsApp na kwenye Facebook, anaweka namba ya MoMo. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi, maana wazazi wananiambia, "mwanangu, wewe ndiye unajua mambo ya simu."

Swali langu ni hili: bei ambayo mtu ameikubali kwa sababu anaondoka, ni bei ya haki?

Tuseme matela ilinunuliwa faranga 60,000. Mnunuzi wa kwanza anasema 40,000, mama anakataa. Mnunuzi hagombani naye, anasema tu "sawa mama" na kungoja. Zikibaki siku mbili anaandika tena: 25,000. Usiku wa mwisho anakuja na moto, anatoa 15,000, na anasema anamsaidia. (Hilo neno "nakusaidia" linanikera kuliko bei yenyewe.) Mwuzaji wa caguwa pale Kimironko, hata akiwa maskini, ana kitu ambacho mama huyu hana: kesho. Asipouza shati leo analikunja, kesho analitandika tena.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20, siku ile ile aliyoapishwa, Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, kuanzia tarehe 27. Safari zikafutwa, hata za watu ambao tiketi zao zilikuwa tayari. Waliokuwa wameuza vyote walibaki na mabegi yaliyofungwa ndani ya nyumba tupu. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alimpigia yule aliyechukua matela: baba, safari imekufa, nakurudishia 15,000 yako, nipe matela yangu. Akajibiwa: mama, sasa hivi ni 45,000.

Nilipeleka jambo hili kwa vijana wangu wa Jumamosi. Wengi, hasa wavulana, walisema biashara ni biashara. Mama alikubali mwenyewe, hakuna aliyemshikia panga. Msichana mmoja akauliza: alikubali nini? Tukakaa kimya kidogo. Kwa maana kweli, mama hakukubali kwamba matela yake ina thamani ya 15,000. Alikubali kwamba Jumanne hatakuwa hapa. Mnunuzi naye alijua hivyo, ndiyo maana alingoja. Wote wawili walijenga bei yao juu ya ndege moja. Ndege ikikosekana, naona ile bei imebaki inaning'inia hewani.

Lakini upande wa pili una watu pia, na sitaki kuwaruka. Kuna aliyenunua ili alale yeye na watoto, akaitupa matela yake ya zamani iliyojaa kunguni. Huyo umwambie nini, arudi chini? Na aliyekwisha kuiuza kwa mwingine atairudisha kutoka wapi? Huyo wa kwanza mimi simdai kitu. Ninayemdai ni yule anayeishi kwa matangazo ya wasafiri, ambaye vitu bado viko kwake, na ambaye faida yake yote imetoka kwenye haraka ya mwenzake. Sheria labda haimgusi. Lakini hapa mtaani tunaishi kwa mambo mengi ambayo sheria haiyagusi.

Wazee wetu wa dini walilifikiria hili zamani. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inampa mtu aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta mwaka mzima wa kuikomboa. Kwa Waislamu kuna kitu kinaitwa ikala: mmoja akijutia mauzo na kuomba yavunjwe, mwenzake akakubali na kila mtu akachukua chake kwa bei ile ile, hilo linahesabiwa wema mkubwa. Angalieni tofauti. Kule Walawi ni haki ya aliyeuza, huku ni wema wa anayeombwa. Mimi naegemea Walawi, kwa sababu mtu aliyelala kwenye mkeka na watoto wanne hafai kungojea moyo wa mtu uwe mwema.

Wafanyakazi wa mashirika wanatuambia tusiuze mapema. Ni shauri zuri kwa mtu anayeweza kuondoka akiacha kodi ya mwezi na deni la duka. Wengi wetu tunalipa hayo madeni kwa hiyo hiyo frigo.

Basi kwenye grupu yetu tumeanza kuandika sharti chini ya picha: safari ikifutwa, ndani ya siku 30 mwenyewe anarudishiwa kwa bei ile ile. Kuna wanunuzi waliokimbia. Waliobaki wanashusha bei zaidi, wanasema wanalipia wasiwasi. Kwa hiyo anayeuza ndiye anayelipia ulinzi wake mwenyewe, tena kwa faranga alizotaka kununulia watoto viatu vya safari. Baba mmoja aliniomba nifute sharti kwenye tangazo lake, nikalifuta, frigo ni yake. Mama mwingine amelishikilia, na sasa tunabishana naye kama siku 30 zinaanza siku pesa inapoingia kwenye MoMo au siku ya ndege. Mimi nasema ya ndege. Mnunuzi wake bado hajajibu.