Baba, Usikalie Gunia

Sokoni Karatu, pembeni ya magunia ya vitunguu vya Mang'ola, mama mmoja alikuwa akimkemea mwanawe, kitoto cha miaka minne hivi: "Baba, usikalie gunia!" Mtoto akashuka shingo upande, akamwita mamaye "aayo", akaomba ndizi. Hakuna aliyegeuka. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi angegeuka, maana kamusi imemwambia kwamba baba ni mzazi wa kiume, na huyu baba hajang'oa hata jino moja la utoto.

Sisi tumezoea. Mvulana huitwa baba, binti huitwa mama; pengine kwa sababu amerithi jina la babu au bibi yake, mara nyingi kwa mapenzi tu. Lakini neno likiweza kumwita mzazi na mtoto wake kwa pumzi moja, linamtaja nani hasa?

Karatu ni mahali pazuri pa kuuliza hivyo. Kiiraqw cha wenyeji wa mji huu ni Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Ukipanda lango la Lodoare kuingia Ngorongoro unakutana na Kimaasai, ambacho ni Kinailoti. Ukishuka Ziwa Eyasi, kuna Kihadza, lugha ya vidoko isiyo na ndugu anayejulikana duniani. Kiswahili, Kibantu, kinazunguka kote kikifanya udalali. Koo nne za lugha, na barabara moja ya kwenda mnadani. Sasa sikiliza: mama kwa Muiraqw ni aayo, kwa Mhadza ni aya, kwa Mmaasai ni yeyo. Baba kwa Muiraqw ni baba, kwa Mhadza ni bawa, kwa Mmaasai ni papa.

Mtu wa haraka atasema lugha hizi zimetoka tumbo moja. Wanaisimu wanajua mtego huo, ndiyo maana wanapotafuta undugu wa lugha maneno haya huyatoa kwanza kwenye kapu. Mwaka 1959 Mmarekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya kumwita mama na baba kutoka lugha za dunia nzima, na Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Urusi, akaeleza kwa nini yanafanana. Mtoto anyonyaye, mdomo umeziba, sauti inapitia puani: mmm. Akiachia titi na kufungua midomo, inatoka ma. Pa na ba nazo hazihitaji ufundi. Kwa hiyo kila mahali watoto wanatoa sauti zilezile chache, na kila mahali wazazi wanazigawana.

Wanazigawana, lakini si kwa mgao mmoja. Huko Georgia, mama ni baba, na anayezaa huitwa deda. Na hapa kwetu akina aayo, aya na yeyo hawana hata chembe ya m. Hilo ndilo linalonivuta kuliko takwimu zote. Kama sauti ingekuwa na maana yake tangu kinywani mwa mtoto, mgao usingebadilika. Mtoto hakumtaja mtu, alitoa sauti, na mkubwa aliyekuwa karibu akasema, "Abee, ananiita mimi." Maana ilizaliwa kwenye kuitika, na anayeitika ndiye aliyejibatiza.

Wamaasai wameliweka hili ndani ya neno lenyewe. Papa ni baba yangu. Baba yake ni menye, neno jingine kabisa. Yeyo ni mama yangu. Mama yake ni ngotonye. Ukitaka kumtaja baba, shurti useme kwanza ni wa nani. Kiswahili kimelegeza kamba hiyo, nacho kimepata faida na hasara. Neno limepata miguu, likafika kwa Baba wa Taifa. Likafika pia kwa baba mwenye nyumba, ambaye tarehe moja ya mwezi hana ubaba wowote.

Likafika hadi mbinguni. Mungu wa Wairaqw, Looa, ana jina moja na jua, na kwao ni wa kike, mlezi. Enkai wa Wamaasai naye, kwa sarufi ya jina lake, ni wa kike, na neno hilohilo ni mvua. Kisha wakaja wamisionari, na katika sala Mungu akawa Baba. Wapo watakaosema hapo mama alipinduliwa. Mimi naona mambo hayakwenda kwa unyoofu huo. Mtu aliyekulia mikononi mwa Looa, akipiga magoti kanisani kuomba mvua, sidhani kama amebadilisha anayemtarajia kuitika. Amebadilisha mwito. Lile Baba jipya limelazimika kufanya kazi ya mlezi wa zamani: kunyesha, kusamehe, kuchomoza.

Na inapokosekana sauti kabisa? Kusini mwa Bonde la Olduvai kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni misururu miwili sambamba, mmoja wa nyayo ndogo, mwingine wa nyayo kubwa, na ndani ya zile kubwa kuna wa tatu aliyefuata. Hazikuwa na jinsia wala undugu. Zilikuwa visigino na vidole. Hata hivyo watu hawakukawia kuona baba, mama na mtoto. Nami nilipoiona picha yake mara ya kwanza niliwaona haohao watatu, na ingawa leo najua zaidi, bado nawaona. Wasiokuwa na lugha, hatukuwaacha bila mwito. Tukaitika kwa niaba yao.

Nyayo zenyewe zimefukiwa tena ili mvua na mizizi ya migunga isizile. Chini ya udongo ule, wa tatu bado amekanyaga mulemule alimokanyaga mwenzake.